Mali Bila Daftari: Wafuasi Si Wanachama

Mwaka 2024, wiki moja baada ya maziko ya mzee mmoja niliyemheshimu sana, binti yake alinipigia simu.

"Shikamoo Dokta," alisema. "Baba alikuwa akizungumza nanyi kila Alhamisi usiku. Sisi nyumbani tulimsikia kwa mbali tu, amejifungia chumbani na simu yake. Tunaomba sauti zake, hata moja, wajukuu waisikie."

Nilimjibu kwamba nitatafuta. Wakati namjibu nilikwisha kujua kwamba hakuna cha kutafuta.

Mzee huyo alikuwa mhasibu mstaafu wa halmashauri moja ya wilaya. Kwa misimu mitatu, kuanzia 2021, ndiye aliyekuwa nguzo ya kikao chetu cha sauti mtandaoni. Tulikutana saa tatu usiku kuisoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali sura kwa sura, kwa Kiswahili ambacho mwananchi wa kawaida angekielewa. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba "hati inayoridhisha" si cheti cha uadilifu. Hati hiyo inasema tu kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango, na halmashauri inaweza kuipata huku zahanati zake hazina dawa. Ndiye aliyetueleza masurufu yasiyorejeshwa yanavyogeuka mshahara wa pili wa mtu, na kwa nini mwizi mzoefu hupoteza kwanza hati za malipo, kisha ndipo fedha zipotee. Vijana wa mwaka wa kwanza walimuuliza maswali ambayo wasingethubutu kuniuliza mimi darasani. Usiku uliojaa, tulifika watu mia tatu.

Sauti hizo hazipo tena. Jina la mtandao tuliokutania halina uzito katika kisa hiki, kwa kuwa kosa lilikuwa letu, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni yangu. Kikao nilikianzisha mimi. Sikupakua hata rekodi moja. Sikuwa na orodha ya wahudhuriaji. Watu walipoanza kuondoka mmoja mmoja, kwa kuchoshwa na matusi, matapeli na picha ambazo mtu mzima hathubutu kuzifungua mbele ya wanawe, sikuwa na njia ya kuwauliza wamekwenda wapi. Wengi niliwafahamu kwa majina ya utani pekee. Msimu wa 2023 tuliufunga tukiwa watu kumi na tisa, na mwaka uliofuata hatukuufungua.

Kila tulipofika kwenye sura ya nyaraka zilizokosekana, mzee alikuwa na methali yake: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikuwa tukicheka. Hatukung'amua kwamba inatuhusu sisi.

Ninaandika haya kwa sababu swali la "tuhamie wapi" limerudi tena vinywani mwa wanafunzi, wanaharakati na hata watumishi wa umma ninaokutana nao, na naona linaulizwa vibaya. Hoja yangu ni hii: kuharibika kwa mtandao kumetufichulia tu kwamba jumuiya tuliyodhani tunayo hatukuwa tumeijenga. Tulikuwa na umati uliokusanyika uani kwa mtu mwingine. Mwenye ua alipobadili milango, umati ukatawanyika, na kila mmoja akaenda zake akidhani wenzake wamekufa.

Tulivyopangishwa

Tukumbushane yaliyotokea, maana tumekwisha kuyazoea. Elon Musk alikamilisha ununuzi wa Twitter Oktoba 2022 kwa dola za Marekani bilioni 44. Ndani ya majuma machache, takriban nusu ya wafanyakazi wapatao 7,500 waliachishwa kazi. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa ofisi ya Accra, ambayo kampuni iliitangaza kwa mbwembwe Aprili 2021 kuwa kituo chake barani Afrika. Waliachishwa siku chache tu baada ya kuhamia katika jengo lao. Februari 2023 kampuni ilitangaza kufuta njia ya bure ambayo watafiti na watengenezaji wa programu waliitumia kuchota data. Aprili 2023 tiki ya bluu, ambayo zamani ilithibitisha kwamba mtu ni yule anayejitambulisha kuwa ndiye, iliondolewa kwa wenyewe wa awali na kuachiwa wanaolipia kwa mwezi. Julai 2023 hata jina lilibadilishwa, likabaki herufi moja, X. Mwaka 2024 mtandao huo uliruhusu rasmi maudhui ya ngono ya watu wazima.

Katika hatua zote hizo, hakuna hata moja ambayo mzungumzaji wa Kiswahili aliulizwa maoni yake. Wala hakukuwa na sababu ya kumuuliza. Mpangaji haulizwi nyumba inapouzwa. Hupewa taarifa, na mara nyingine hata taarifa hapewi.

Hata hivyo lazima niwe mkweli: nyumba ile ya kupanga ilitufaa sana. Julai 2015, CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi kuelekea ziara ya Rais Obama, Wakenya wa Twitter walipiga kelele kiasi kwamba mwezi uliofuata kiongozi wa juu wa shirika hilo alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Novemba mwaka huo huo, Afrika Mashariki nzima ilicheka pamoja kwa utani wa kujiuliza Magufuli angefanya nini katika hali kama hii, watu wakionesha mapazia yaliyoshonwa nguo ili kubana matumizi. Juni 2024 vijana wa Kenya walitumia mitandao kuueleza Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakaingia barabarani, na Juni 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Julai 5 Rais mwenyewe aliingia katika kikao chao cha sauti kwenye X kuwajibu.

Kwa hiyo sisemi kwamba mitandao hii ni upuuzi. Ninasema tuangalie vizuri ni kitu gani kilichobaki baada ya kelele kunyamaza. Katika kisa hicho cha Kenya, michango ya matibabu na maziko ilipita kwenye simu na kwa watu waliojulikana kwa majina. Mawakili waliotoa watu mahabusu walikuwa na vyama vyao. Madaktari waliotibu majeruhi walikuwa na makundi yao. Uzi wenye kusomwa na watu milioni uliita watu, lakini waliokaa hadi asubuhi ni wale waliokuwa na mafungamano mengine nje ya uzi huo. Sisi wa kikao cha Alhamisi hatukuwa nayo mafungamano hayo. Tulikuwa na uzi tu.

Majibu matatu yasiyotosha

Jibu la kwanza ninalolisikia ni "tuhamie kwingine". Kila wimbi la hasira huja na jina lake. Novemba 2022 lilikuwa Mastodon, Julai 2023 lilikuwa Threads, ambayo ilipata watu milioni 100 kwa siku tano, na Novemba 2024 lilikuwa Bluesky. Ninazo akaunti katika hiyo yote, na ninakiri kwamba si sawa zote. Mastodon, iliyoanzishwa 2016 na Mjerumani Eugen Rochko, haina mwenye nyumba mmoja. Ni seva nyingi zinazozungumza kwa lugha moja ya wazi, kama barua pepe, na mtu anaweza kuhama seva akaondoka na wafuasi wake. Hilo ni jambo kubwa. Lakini seva ina mtu anayelipia umeme wake. Mozilla, taasisi yenye jina na fedha, ilifungua seva yake ya Mastodon na kuifunga Desemba 2024. Bluesky nayo imejengwa kwa nia ya kumwezesha mtu kuhamisha akaunti yake, lakini ni kampuni yenye wawekezaji wanaotarajia faida, na watumiaji wake walio wengi mno wamo katika seva za kampuni hiyo hiyo.

Nilipowaita wenzangu wa Alhamisi katika mmoja wa mitandao hiyo mipya, walikuja kumi na mmoja. Wanne kati yao waliandika "nimefika" na hawakuandika tena. Anayehama bila daftari la majina huhamisha viti, watu akawaacha.

Jibu la pili ni "tubaki, watu bado wako huko". Jibu hili hupendwa na wenye wafuasi laki mbili, nami naelewa kwa nini. Wamepanda kwa miaka kumi na hawataki kuliacha shamba. Lakini nawauliza ndugu zangu hawa: kati ya hao laki mbili, ni wangapi unaweza kuwafikia kesho asubuhi bila ruhusa ya mtu wa tatu? Ni wangapi watachanga shilingi elfu mbili mwenzao akilazwa? Ni wangapi watakuja ukumbini Jumamosi? Mfuasi ni mtu aliyebofya. Mwanachama ni mtu mwenye haki ya kukuondoa uenyekiti. Tumewakusanya wa kwanza kwa bidii sana kwa sababu hawawezi kutuuliza chochote, na hapo ndipo sisi wasomi na wanaharakati tunapopaswa kuona haya. Tuliwakosoa wanasiasa kwa kupenda umati wa mikutano, kumbe nasi tulikuwa na mikutano yetu.

Jibu la tatu ni "kundi la WhatsApp linatosha". Kwa harusi, kwa msiba, kwa kuulizana mtihani ni saa ngapi, linatosha kabisa. Kwa jumuiya ya maarifa halitoshi. Kundi lina kikomo cha watu 1,024. Anayejiunga leo hayaoni yaliyojadiliwa mwaka juzi. Hoja nzito ya saa nne asubuhi imekwisha kuzikwa saa sita mchana na salamu, matangazo ya viwanja na video za mahubiri. Simu ya msimamizi ikiibiwa Kariakoo, uongozi wa kundi umeibiwa nayo. Na kundi hilo nalo ni chumba cha kupanga, tena katika nyumba ya mwenye nyumba mwingine wa Marekani.

Sehemu ya serikali katika lawama hii

Mtu ataniuliza, kwa nini basi hatukujenga kwetu tangu mwanzo? Swali ni la haki, na jibu lake haliishii kwetu.

Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza kumtaka Mtanzania mwenye tovuti yake ndogo ya maoni awe na leseni: ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi milioni 1, na shilingi milioni 1 nyingine kila mwaka. Kijana aliyekuwa akiandika habari za kata yake kwa kompyuta ya kuazima alifanya hesabu, akafunga. Akahamia kwenye kurasa za bure za kampuni za kigeni, ambako hakudaiwa leseni. Masharti yamelegezwa kiasi baadaye, lakini mazoea yalikwisha kujengeka. Sera iliyodai kulinda maadili na mamlaka ya nchi iliwasukuma raia wake waliokuwa wakijenga kwao wakapange ugenini, katika nyumba zisizo na mlezi wala msimamizi anayejua Kiswahili vya kutosha.

Kisha mlango ukabanwa na upande wa pili. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa VPN kuzisajili. Mei 2025 X ikafungwa nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa, na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Siku zile kila mmoja wetu aligundua ni watu wangapi alioweza kuwafikia bila kioo cha simu kuwaka. Mimi niligundua kwamba nina namba za majirani wachache, ndugu, na wenzangu wa kitivoni. Wale mia tatu niliokuwa nikiwaita "wenzangu wa Alhamisi" walikuwa mbali nami kama watu wa sayari nyingine.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa nina neno moja. Tangazo la ofisi ya umma ni mali ya umma. Likitolewa kwanza, au pekee, kwenye ukurasa wa kampuni binafsi ya ng'ambo, basi mmeikabidhi kampuni hiyo kazi ya kuamua ni mwananchi yupi aone na yupi asione. Tovuti ya ofisi yenu, ubao wa matangazo wa kata na redio ya mkoa viwe vya kwanza. Mitandao mingine ifuate kama kipaza sauti. Na mkiandaa kanuni zijazo, kumbukeni kwamba raia aliyejenga jukwaa lake nchini, lenye jina lake na masharti yake, anahojiwa na kuwajibika kwa urahisi zaidi kuliko aliyejificha ugenini. Mnayemtoza sana ni yule ambaye mngepaswa kumshukuru.

Waliowahi kufanya

Wapo waliowahi kuhama wakajenga, na hawakuwa matajiri. Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi wangu huwashangaza, kwa sababu unahusu watu wanaodharauliwa: waandishi wa ridhaa wa hadithi zinazotokana na vitabu, filamu na tamthilia wanazozipenda. Wengi wao ni wanawake, na hawalipwi. Katika miaka ya 2000 makazi yao makuu yalikuwa mtandao wa LiveJournal. Mwaka 2007 mtandao huo ulifuta kwa mkupuo mamia ya akaunti, na miongoni mwake zilikuwamo za jumuiya zao. Desemba mwaka huo huo ukauzwa kwa kampuni ya Urusi.

Watu hawa walikuwa na haki ya kulalamika, na walilalamika. Lakini walifanya na jambo la pili. Mwaka 2007 waliunda shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works. Novemba 2009 walifungua maktaba yao, Archive of Our Own, yenye programu waliyoiandika wenyewe, wengine wakijifunza kuandika programu kwa ajili ya kazi hiyo. Msimamo wao ulikuwa mmoja tangu mwanzo: seva ziwe zetu. Hawana matangazo ya biashara. Wanaishi kwa michango, na anayechangia kuanzia dola 10 anaweza kuwa mwanachama na kupiga kura kuchagua bodi. Wana kitengo maalumu cha kuokoa maktaba za wenzao zinazokaribia kufungwa, wakazihamishia kwao kabla hazijapotea. Maktaba hiyo imepita kazi milioni 10, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, miongoni mwa tuzo kubwa za fasihi ya kubuni ya kisayansi duniani.

Linganisha na sisi. Sisi ni wahadhiri, mawakili, wahasibu, waandishi wa habari. Tuna vyuo vyenye seva, maktaba zenye wakutubi, na lugha inayozungumzwa na watu zaidi ya milioni 100. Wapenzi wa hadithi walifanya kile ambacho sisi tulikiandikia makala tu. Walichotuzidi ni kwamba walikubali kazi isiyo na makofi: kuweka daftari, kuandika katiba, kukusanya ada, kupeana zamu.

Na hiyo si elimu ngeni kwetu. Mama wa kikoba anayekutana na wenzake kila wiki chini ya mwembe anajua vizuri kuliko profesa nini kinaifanya jumuiya idumu. Kuna sanduku, na funguo zake zinashikwa na watu tofauti. Kuna daftari. Kuna faini ya kuchelewa. Kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya mwenye kufiwa. Mweka hazina akihama, daftari halihami naye. Tulipoingia mtandaoni tuliacha hekima yote hiyo mlangoni, tukadhani teknolojia itatufanyia kazi ya utu.

Tulichofanya, na kinachowezekana

Baada ya simu ya binti yule nilianza upya. Sijivuni, maana nilichelewa. Nawaeleza tu hatua zenyewe.

Kwanza ni daftari. Tuliwatafuta wenzetu wa zamani kwa mdomo, mtu kwa mtu, kwa miezi minne. Tuliwapata arobaini na moja. Majina yao na njia mbili za kuwafikia, moja ya mtandaoni na moja isiyo ya mtandaoni, yameandikwa kwa kalamu.

Hapa najua pingamizi litakalokuja, na ni zito: daftari la wanachama katika mikono isiyofaa ni orodha ya watu wa kukamatwa. Sitalipuuza. Kuna waliokataa kuandikwa kwa sababu hiyo, na tuliwaheshimu. Jibu letu ni kuandika kidogo iwezekanavyo. Hatuandiki kabila, chama, mwajiri wala namba ya kitambulisho. Anayetaka jina la utani huandikwa hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na kanuni hiyo inatulinda sisi pia tukiifuata. Lakini msijidanganye kwamba bila daftari mko salama. Mlipokuwa katika mitandao mikubwa daftari lilikuwapo, tena lenye namba zenu, mahali mlipo na mnachopenda. Ila lilishikwa na wengine, na ninyi ndio pekee msiokuwa na nakala.

Pili ni katiba. Yetu ni ukurasa mmoja. Inasema nani anaweza kumwondoa nani, kwa kosa gani, na aliyeondolewa akate rufaa kwa nani. Msimamizi hukaa miezi sita, kisha hupisha. Mimi mwanzilishi nilipisha wa kwanza, na nikiri kwamba iliniuma.

Tatu ni ghala. Kila kikao hurekodiwa kwa ridhaa ya wasemaji, kikaandikwa muhtasari, na nakala zikawekwa mahali patatu: kwenye seva tunayoilipia, kwenye diski iliyo ofisini kwangu, na kwa mwanachama wetu aliyeko Mombasa. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Wenyewe walidhani kampuni inazihifadhi. Vyuo vyetu vinaweza kusaidia hapa bila kungoja bajeti mpya. Maktaba ya chuo inayohifadhi tasnifu ya mwanafunzi inaweza kuhifadhi pia mihutasari ya mijadala ya umma ya Kiswahili. Watafiti wa 2060 watataka kujua tulikuwa tukifikiri nini, na hawatakuta jibu lake kwenye magazeti peke yake.

Nne ni ada. Shilingi 2,000 kwa mwezi. Wote arobaini na moja wangelipa, mwaka ungekuwa na shilingi 984,000. Hawalipi wote, na wanafunzi tumewasamehe. Kinachopatikana kinatosha seva, anuani ya tovuti na bando la anayechapa mihutasari. Kuna mwenzangu aliyesema ada itafukuza watu. Ilifukuza kweli. Waliobaki sasa huuliza mapato na matumizi kila robo mwaka, jambo ambalo wale mia tatu hawakuwahi kuuliza.

Tano ni kuonana. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana ana kwa ana, kahawa ya kijiwe na kashata, ripoti mezani. Walioko mikoani hufanya hivyo hivyo wakiwa watatu au wanne. Siku intaneti itakapozimwa tena, tutajua tuanzie wapi.

Hatujaiacha mitandao mikubwa. Tunaitumia kama mpiga mbiu atumiavyo barabara: anapita, anatangaza, anarudi kwake. Kosa letu la zamani lilikuwa kulala barabarani.

Wapo watakaosema arobaini na moja ni wachache mno kuibadilisha nchi. Huenda. Lakini mwezi Aprili tuliifungua tena ripoti ya Mkaguzi, na tulipofika kwenye sura ya halmashauri, kijana mmoja wa mwaka wa pili alimweleza mgeni kwamba hati inayoridhisha si cheti cha uadilifu. Hakuwahi kumsikia mzee yule. Aliyasoma maelezo hayo kwenye ghala letu, na yalifikaje huko ni jambo ninalopaswa kulisema kabla sijamaliza.

Katika wale tuliowatafuta kwa miezi minne, mmoja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu wa sekondari huko Singida. Kila Alhamisi, wakati mimi nahesabu wahudhuriaji, yeye alikuwa akiandika maneno ya mzee katika daftari la kawaida la shule. Tulilichapa likatoa kurasa ishirini na mbili. Nilimpelekea binti wa marehemu nakala iliyojalidiwa. Sauti ya baba yake haimo, na haitapatikana. Alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, nami sikujua niweke wapi macho yangu.

Ndugu msomaji, kabla hujauliza tuhamie wapi, chukua karatasi. Andika majina ya watu ishirini ambao ungependa kuendelea kufikiri pamoja nao, mtandao huu au ule ukifungwa usiku wa leo. Kando ya kila jina andika namba ya simu. Ukikuta huna, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii.